Chungu Alichokibeba Leah

Siku ya kwenda kuposa, Osea alioga mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, kijitoni, kama alivyokuwa akifanya kila siku kwa miezi kumi na moja. Mara ya pili ilikuwa baada ya uji wa saa nne, kwa maji ya moto na kipande cha sabuni ya mche, mpaka mjomba wake Isaka akamsemesha kutoka nje ya ua.

"Toka basi. Unataka kujichuna ngozi?"

Osea alikuwa ameshavaa. Alikuwa akijinusa viganja, makwapa, hata kola ya shati. Alijua anakokwenda watu wana pua.

Kijiji kizima cha Hasamba kilimjua. Miaka sita alikuwa mtu wa mrija. Kilabuni, pale wanaume walipokaa kuzunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, Osea ndiye aliyefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na mara nyingi hakuondoka, aliondolewa. Walimwita Chujio. Naye alicheka nao. Mtu anayejidharau hapati taabu kucheka na wanaomdharau; anaona wanamsaidia kazi.

Kisha mama yake, Nesta, akafa. Osea alikuwa mwanawe wa pekee. Usiku wa matanga alikunywa, asubuhi akaendelea, na saa ya maziko ilipofika watu walimtafuta aje atupe udongo wa kwanza. Walimkuta nyuma ya banda la mbuzi, kinywa wazi, nzi wakiingia na kutoka. Wakamwacha, wakazika. Jua likishuka aliamka, akamwendea mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria, akamuuliza, "Mama tunamzika saa ngapi?" Yule mwanamke alimtazama, akatema mate pembeni, akaendelea kusugua.

Mate yale yalifanya kazi ambayo mahubiri ya miaka sita hayakuifanya.

Alianza na mambo madogo ambayo mtu hata haoni fahari kuyasimulia. Kuamka kabla ya jua na kuoga maji ya baridi. Kunywa uji kabla ya kutoka, maana tumbo tupu ndilo lililokuwa likimwita kilabuni. Kupita njia ya juu, ndefu, isiyofika kwenye vyungu. Alikwenda kwa Watson, mpasua mbao, ambaye magogo yake yalipasuliwa juu ya shimo, mtu mmoja juu na mwingine ndani, akaomba kazi. Watson alimwambia anyooshe mkono, akautazama ukitetemeka, akasema, "Mkono huu utaniua shimoni. Rudi ukipona." Alirudi baada ya wiki sita. Tangu hapo saa ya jioni, ile iliyokuwa mbaya kupita zote, aliitumia kunoa msumeno, jino moja baada ya jingine, hadi giza lilipompeleka kitandani. Mwezi wa tatu alijitazama kwenye beseni la maji akaona uso ambao hakuona haya kuutazama. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Alimwona Leah mwezi wa tano. Alikuja shimoni na baba yake, Yonasi, mzee wa kanisa kutoka Itaka, kuchagua mbao za mlango. Leah alikuwa akifundisha wasichana kushona pale misheni, na jicho lake lilikuwa la mtu aliyezoea kutafuta kombo. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa mninga, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani kapasua huu?"

"Mimi," alisema Osea.

"Umenyooka."

Neno lile moja Osea alilala nalo wiki nzima. Baadaye wakawa wanaamkiana Jumapili baada ya ibada, kisha wanaongea, kisha wanatembea pamoja hadi njia panda, yeye mbele na Leah hatua mbili nyuma, kama ilivyopasa. Leah alikuwa mtu wa kucheka mara chache. Osea alijikuta anaishi kwa kungoja mara hizo chache.

Hivyo ndivyo walivyofika, yeye na mjomba Isaka, nyumbani kwa Yonasi, na jembe jipya limefungwa kitambaa cheupe kuwa la kufungulia maneno. Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, kahawa imekwisha kuvunwa, na hewa ya Itaka ilikuwa kavu na safi.

Waliokutana nao sebuleni hawakuwa safi vile. Yonasi alikaa kwenye kiti cha pembeni, mpole, amefunga mikono juu ya magoti. Kiti cha katikati kilikuwa na dada yake, Ketrina, mjane aliyerudi kwao na kuichukua nyumba mikononi. Kilemba chake kilikuwa cheupe kuliko vya wanawake wote wa kanisa. Wageni walionyeshwa benchi fupi, magoti yakawajia kidevuni.

"Karibuni," alisema Ketrina. Alimtazama Osea kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka, kama mtu anayemkagua ng'ombe ambaye ameshaamua hamnunui.

Isaka alikohoa. "Tumekuja, dada. Tumepita tukaona jiko katika nyumba hii. Tunaomba jembe letu lipokewe, ili maneno yapate njia."

"Jiko mmeliona. Anayelitafuta ndiye huyu?"

"Ndiye. Mpwa wangu Osea. Mtoto wa marehemu dada yangu Nesta."

"Nesta nilimjua," alisema Ketrina. "Nilikuja kumzika. Mwanawe ndiye sikumwona kaburini."

Isaka aliinamisha kichwa. Yonasi aliutazama mkeka kana kwamba umeandikwa.

"Ni kweli, shangazi," alisema Osea. "Sikuwapo."

"Ulikuwapo. Ulikuwa nyuma ya banda la mbuzi. Tulipita na jeneza, mmoja akasema tukuamshe, mwingine akasema mwacheni, mbuzi watamfariji."

"Ni kweli."

"Kila kitu ni kweli. Hubishi hata kidogo." Ketrina alibetua mdomo. "Mlevi aliyefundishwa adabu. Hawa ndio wabaya, Yonasi. Mlevi wa matusi unamjua mapema."

"Sijanywa miezi kumi na moja, shangazi."

"Kumi na moja." Aliigeuza ile hesabu mdomoni kama punje ya mchanga ndani ya ugali. "Mimba ni miezi tisa, na mtoto akizaliwa bado hatujui kama atatembea. Wewe na kumi na moja yako umeshavaa viatu kuja kuoa. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Labda pua za wanaosema hivyo zimekufa. Yangu nzima."

"Dada, taratibu," alisema Yonasi kwa sauti ya chini.

"Taratibu ndiyo iliyomzika Aida."

Jina lile lilipotajwa Yonasi aliegemea kiti, akaitazama mikono yake. Osea alijua tu kwamba Aida alikuwa dada mkubwa wa Leah na kwamba alifariki miaka miwili nyuma. Zaidi ya hapo Leah hakuwahi kusema.

"Kuna kijana wa Tunduma," Ketrina aliendelea, sasa akimgeukia Isaka kana kwamba Osea ametoka nje. "Amoni. Yuko Kopabeluti, kwenye migodi ya shaba, Krismasi anarudi. Ana baiskeli yenye taa. Watu wake wana ndugu ng'ambo ya mpaka na huku, wanajulikana. Hajawahi kulala na mbuzi."

"Leah anamtaka?" aliuliza Osea.

"Leah anataka kuishi," alisema Ketrina. Akapaza sauti kidogo kuelekea jikoni. "Leah. Wageni wametembea mbali. Leta kinywaji."

Osea aliijua harufu kabla mlango haujafunguka vizuri. Ulezi uliochachuka, moto, mtamu kwa chini na mchungu kwa juu. Kinywa chake kilijaa mate bila ya kumuuliza. Leah aliingia amekibeba chungu kwa mikono miwili, povu likitikisika ukingoni, mrija mpya umesimama katikati. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la Jumapili. Alipiga magoti mbele ya Osea, akakiweka chungu chini, hatua moja kutoka miguuni pake.

"Dada," alisema Isaka, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pombe? Katika nyumba ya mzee wa kanisa?"

"Tumeiazima kwa majirani. Mungu anaijua nia. Mgeni kasema hanywi, basi kuna hofu gani? Ni maji tu kwake."

Osea hakukitazama chungu. Alimtazama Leah. Aliutazama utosi wake, mstari wa nywele zilizogawanywa kwa uangalifu, akingoja ainue uso ili aone humo aibu, au hasira, au hata machozi, kitu chochote cha kumwambia kwamba amelazimishwa. Leah aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu na makini, yale yale yaliyokuwa yakipita juu ya ubao wa mninga.

Alikuwa anangoja.

Hapo ndipo lilipomchoma. Dharau ya Ketrina alikwisha kuizoea. Ilikuwa kama mvua, inanyesha juu ya kila mtu. Hii nyingine ilikuwa imepiga magoti na kuvaa gauni la bluu. Kidole cha mkono wake wa kulia kiliruka chenyewe. Ketrina alikiona, akatabasamu.

Osea alisimama.

"Baba Yonasi," alisema, "nyumba hii ni yako. Chungu hiki kimeletwa kwa ruhusa yako?"

Yonasi alikohoa. "Dada yangu alitaka kwamba..."

"Nimesikia." Aliinama akaliokota jembe kwenye kitambaa chake. "Nimekuja kuomba mke. Sikuja kugongwagongwa kama chungu cha sokoni, mtu asikilize kama nimepasuka. Niliyoyafanya niliyafanya, na sitakufa nikiyakana. Lakini watu wanaoazima pombe ili wamwangushe mtu na wao wana maradhi yao. Mjomba, twende."

"Mposaji haondoi posa," Isaka alinong'ona.

"Leo ameondoa."

Nyuma yao walimsikia Ketrina akicheka, kicheko kifupi kikavu. "Kiu imembana. Mtamkuta kilabuni kabla jua halijageuka."

Njiani Isaka alimgombeza hadi pumzi ikamwishia. Umemwaibisha mzee wa watu. Umeniaibisha mimi. Umelikataa jiko ulilolilia miezi sita. Osea alikubali yote, na walipofika njia panda waliagana bila kushikana mikono.

Alishika njia ya chini, ile ya kilabuni. Hakuwa amepanga. Miguu yake ilikuwa ikiikumbuka, na kichwani sauti moja ilimwambia neno lenye mantiki kamili: wameshaamini uko huko, basi nenda uwe huko, angalau usisingiziwe bure. Kilabuni walikuwa wamekaa kumi na wawili hivi kuzunguka chungu, na mmoja alimwona.

"Chujio. Mrija wako tumekutunzia."

Osea alisimama barabarani. Aliyaona macho yao mekundu, shati moja lililochanika kwapani, mzee aliyejikojolea asijue. Aliwadharau kwa moyo wake wote. Na papo hapo akatambua kwamba dharau ile si yake, ni ya Ketrina, imemhamia tu kama chawa. Hawa walikuwa watu aliokuwa akilia nao. Huyo mzee ndiye aliyembeba mara mbili asilale kwenye mvua.

"Shikamoo, baba," alimwambia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nakwenda. Nina msumeno wa kunoa."

Wakacheka, akapita. Nyumbani alisonga ugali, akala. Kisha akaketi kizingitini na tupa ya kunolea mkononi, akaanza jino la kwanza. Alilia kidogo, huku anaendelea kunoa.

Siku ya tatu Leah alikuja shimoni.

Watson alikuwa juu ya gogo na Osea chini yake, ndani ya shimo, nywele nyeupe kwa unga wa mbao. Watson alimwona msichana akija peke yake, amefunga khanga kifuani kama mtu wa safari, akaweka upande wake wa msumeno chini. "Nakwenda kutafuta kamba," alisema, na hakukuwa na kamba iliyopotea.

Osea hakutoka shimoni. Leah alisimama ukingoni, akawa juu yake kwa kimo cha mtu.

"Uliondoka bila kuniaga."

"Ulikuwa umeshika chungu."

Leah alivunja kijiti cha gome vipande viwili, kisha vinne. "Umekasirika."

"Nimekasirika."

"Basi nisikilize halafu endelea kukasirika. Mume wa Aida alikuwa mlevi. Baba alipomkataa, alikuja na Biblia, akaweka mkono, akaapa mbele ya sisi wote. Alikuwa na adabu kama wewe. Hakubisha, kama wewe. Baba akasema taratibu, tumpe nafasi. Miaka mitatu Aida alikuwa akija nyumbani anasema ameteleza mtoni, ameanguka ghalani. Siku tuliyoitwa hakuweza kusema, taya lilikuwa limevunjika. Alikaa siku tano tu, akafa. Shangazi ndiye aliyemwosha, akawa anahesabu makovu kwa sauti. Mimi nilishika beseni."

Osea aliuondoa mkono wake kwenye msumeno. "Pole. Hilo hukuwahi kuniambia."

"Haliambiki."

"Pole sana, Leah."

"Shangazi aliposema tukuwekee chungu, nilikubali. Hakunilazimisha. Nilimwambia akinywa nitaolewa na Amoni, na sitatoa chozi."

"Na nisipokunywa?"

Leah alivitupa vile vipande vya kijiti. "Sikuwa nimefika huko," alisema.

Unga wa mbao ulikuwa ukielea juani kati yao. Osea alijipangusa uso kwa mkono, akauchafua zaidi.

"Kila Jumapili tunapoamkiana unasogea karibu," alisema. "Mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nakwenda nyumbani naimba. Mwezi wa pili nikagundua unaninusa."

Leah aliweka kiganja mdomoni.

"Sikusema neno. Nilijiambia mtu kama mimi anastahili kunuswa. Nikawa natafuna majani ya mchaichai kabla ya kukuona, mtu asiyekunywa, natafuna majani kama mwizi anayefuta nyayo ambazo hakuzikanyaga. Lakini juzi ulipoinua uso nikajua sitaki. Nimejidharau miaka sita, naijua kazi hiyo kuliko shangazi yako. Kuacha pombe kulikuwa rahisi. Kuacha kujiona takataka ndiko kulikonikaba, na bado kunanikaba siku nyingine. Siwezi kuoa mtu wa kunirudisha huko, hata nikimpenda. Na nakupenda."

Alilisema lile la mwisho kwa hasira, kama lawama. Leah aliinama, akaketi ukingoni, miguu ikaning'inia shimoni. Sasa nyuso zao zilikaribiana.

"Basi niahidi," alisema. "Hapa, sasa hivi. Niahidi hutakunywa tena mpaka ufe, nami nitaacha kukunusa."

"Siahidi."

Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza Osea aliona jinsi alivyofanana na Ketrina, mdomo ule ule ukibetuka upande. "Hata kuahidi huwezi? Mwanaume mzima. Ndiyo maana unajificha shimoni."

"Nimeahidi mara nyingi. Mama yangu alikufa amejaa ahadi zangu." Alisema polepole. "Na shemeji yako aliahidi kwa Biblia. Unataka nyingine ya nini? Naweza kukuambia nilichofanya leo. Nimeamka, nimeoga, nimekunywa uji, nimepasua mbao nne. Siku ile nilipotoka kwenu nilipita kilabuni, nikawaamkia, nikapita. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Hayo ndiyo niliyo nayo."

"Ni kidogo."

"Ni kidogo. Lakini ni yangu, sikuyafanya kwa kukuogopa wewe. Ningekuwa nayafanya kwa kukuogopa, siku ukisafiri kwenda kwa ndugu ningekunywa."

Leah alishusha macho. Alitazama mikono ya Osea, ilivyokuwa imetulia juu ya ukingo wa udongo.

"Na nikikuambia nimekukataa? Leo hii. Utafanya nini?"

"Nitaumia. Nitanoa msumeno mpaka uishe meno, Watson anifukuze."

Kicheko kilimponyoka Leah kabla hajakizuia, akakiuma. Alisimama, akakung'uta gauni, akaondoka bila kuaga. Osea alimtazama hadi khanga ilipopotea kwenye mibuni. Hakujua kama amemshinda mtu au amempoteza.

Jumapili, baada ya ibada, watu walisimama uwanjani kama kawaida, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Osea alikaa peke yake kwenye ngazi ya chini. Hakuwa ametafuna majani.

"Naona Chujio kavaa shati," alisema Ketrina, kwa sauti ya kuwatosha wenzake wote. "Shetani naye siku ya Jumapili hupiga pasi." Wanawake wakacheka. Wengine waliificha midomo kwenye vitambaa, kwa heshima ya mahali.

Leah alitoka katikati yao. Alivuka uwanja, peke yake, na kicheko kikafa nyuma yake kidogo kidogo, kama moto wa makapi. Alisimama mbele ya Osea, umbali wa hatua mbili, wala hakusogea karibu zaidi.

"Osea," alisema, na kila mtu alisikia. "Njoo nyumbani ule chakula. Naomba mimi."

"Leah," Ketrina aliita. "Una akili wewe?"

"Ninazo, shangazi."

"Na siku akirudia?"

"Nitalia mimi."

"Aida naye alilia mwenyewe. Kisha nikamwosha mimi."

Leah aligeuka kumtazama shangazi yake, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Najua. Nilishika beseni. Ukiniona siku moja nimenyamaza kama Aida, njoo unichukue, usimwulize mtu. Lakini huyu si yule. Tumemhukumu kwa makosa ya mwingine, na tukamtegea kwa pombe tuliyoiazima wenyewe. Hakuinywa. Sisi ndio tulioimwaga jioni, tukajificha nyuma ya nyumba ili watu wasione."

Yonasi alijitenga na wanaume wenzake, akaja taratibu, kofia mkononi. Alionekana mzee kuliko siku ya posa. "Kijana wangu," alisema, "uliniuliza swali nyumbani mwangu sikukujibu. Ruhusa ilikuwa yangu. Nilinyamaza. Nimenyamaza mara nyingi katika nyumba ile, na mara moja ilinigharimu mtoto. Naomba uje."

Osea alisimama. Zamani, mzee wa kanisa kumwomba radhi mbele za watu kungemfanya alie au aombe radhi yeye. Safari hii alimwacha mzee amalize neno lake.

"Nitakuja, baba. Ila siji kuposa. Naja kula. Mkishanizoea, na mimi nikishawazoea, mjomba wangu atarudi."

Alikula kwa Yonasi siku ile. Ketrina ndiye aliyepakua, kwa sababu hakukubali mwingine apakue katika nyumba ile, na kipande cha kuku alichomwekea Osea kilikuwa shingo. Osea aliila ile shingo hadi mfupa, akanawa mikono, akashukuru.

"Bado sikuamini," alisema Ketrina, akikusanya sahani bila kumtazama.

"Najua, shangazi. Ugali wako mzuri."

Ketrina alisonya, akaingia jikoni. Lakini wote walimsikia akimwuliza msichana wa kazi kwa ukali kwa nini mgeni hakuongezewa mboga.

Leah alimsindikiza hadi mwisho wa mibuni. Hawakushikana mikono, watu walikuwa wakipita kutoka kanisani kwenda kijijini Ruanda. Walisimama wakitazama upande mmoja, kama watu wanaotazama shamba.

"Kesho utapita huku?" aliuliza Leah.

"Kesho nina mbao."

"Keshokutwa?"

"Keshokutwa nina mbao pia. Watson amepata gogo kubwa."

Leah aliitengeneza khanga begani, akafikiri. "Basi nitakuja mimi," alisema.

Akaja.